Kahawa Aliyomimina Ustadh Hilal

Siku mliyoniaga mlinipa maua, mkanipa na saa ya ukutani, kisha mkanitaka nihutubie. Mimi si mtu wa hotuba. Nikasema ahsanteni, kuleni keki, nikakaa. Baadaye mmoja wenu akanifuata mpaka kwenye gari, akaniambia, "Bi Thuwaiba, basi tuandikie. Wewe ndiye uliyewaona wote wakiingia." Hilo kweli. Kila wakili aliyeajiriwa katika ofisi ile, na wale wasioajiriwa ambao ni wengi zaidi, nilimpokea mimi mlangoni, na nilikaa naye chumba kimoja akisailiwa. Basi nitaandika habari za chumba kile. Nani alipanda cheo lini na nani alilipwa nini, msinitafutie mimi. Hayo yana watu wake, na wanayasema vizuri zaidi yangu.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ofisi ilikuwa Matrah, hapa Maskat, ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa, ina kibao kizuri mlangoni na lifti isiyofanya kazi. Mwenye ofisi alikuwa Ustadh Hilal. Mawakili huku wote tunawaita Ustadh, lakini yeye hata mkewe akimwita hivyo. Mtu wa Unguja kama mimi, aliondoka kijana, akasoma sheria Misri, akaja Maskat na miwani minene na sauti ya chini. Mahakamani akisema Kiarabu cha kitabuni mpaka Wamisri wenyewe wakimsikiliza. Ukikutana naye kwenye ngazi anakwambia, "Vipi hali, umeshakula?"

Usaili wangu mimi nilijiandaa nao kwa siku kadhaa. Kaka yangu alinikaririsha maneno makubwa ya Kiarabu, maana Kiarabu changu kilikuwa cha jikoni, nusu yake Kiswahili. Nilibeba vyeti ndani ya bahasha ya khaki, nikavaa abaya iliyopigwa pasi mpaka inang'aa. Nikaingia. Ustadh Hilal hakuniuliza neno hata moja katika yale niliyokariri. Alinionesha taipureta ya Kiarabu, akasema, "Piga." Mimi nilizoea ya Kiingereza, na ile ya Kiarabu gari lake, kile chuma kinachobeba karatasi, linakwenda upande wa pili. Nikawa nasukuma kulia, yenyewe inataka kushoto. Watu wote walinambia nijiandae kwa maswali, hakuna aliyenambia nijiandae kwa mashine. Lakini nilipokosea nilitoa karatasi, nikatia nyengine, nikaanza upya bila ya kuomba radhi kila mstari, na nadhani hilo ndilo lililonipatia kazi. Sikumuuliza.

Aliyenifunza kazi yenyewe alikuwa mfasiri wetu, Ustadh Idris, Msudani mrefu ambaye miwani yake ikikaa kwenye paji la uso na yeye akiitafuta mezani. Alinifunza kusoma mkataba kuanzia mwisho, kwa sababu, alisema, mwanzo wanaandika waungwana na mwisho wanaandika wafanyabiashara. Alinifunza vilevile kutayarisha chumba cha usaili. Kiti cha mgeni kisiwe chini ya kiyoyozi, maana mtu anayetetemeka kwa baridi na anayetetemeka kwa woga utawatofautisha vipi? Dirisha liwe nyuma yake, asije akawa anaangalia soko. Na asiachwe peke yake barazani muda mrefu. Msailiwa akiachwa peke yake hujisaili mwenyewe na hujifelisha.

Baada ya Ustadh Idris kurudi kwao, chumba kile kikawa changu. Mimi ndiye niliyepanga nani aje saa ngapi, mimi niliyekaa pembeni kuandika yaliyosemwa. Ustadh Hilal aliponikabidhi funguo alinambia neno moja tu: amana. Maana yake nilifahamu. Kinachosemwa ndani hakitoki nje, si kwa ndugu wala kwa rafiki.

Nimeona mengi. Nimeona vijana waliojifukiza udi mpaka chumba kikawa hakikaliki, tukafungua madirisha na kelele za teksi zikaingia, tukawa tunasailiana kwa kupiga makelele. Ukijifukiza udi kwa ajili ya usaili, jifukize jana. Nimemwona kijana aliyekuja na baba yake, na kila swali baba akalijibu. Alijibu vizuri sana yule mzee, lau angelikuwa na shahada tungelimchukua yeye. Wako waliotanguliza simu za wajomba. Simu ya kumwombea mtu ikishaingia, Ustadh Hilal akiniagiza nimpange mtu huyo wa mwisho kabisa, karibu na adhuhuri, wakati njaa imeshamshika msaili. Wajomba hawakujua, wakaendelea kupiga.

Na wako waliokuja wamekariri sheria kama mtoto anavyokariri juzuu. Ukiwakata katikati, wanaanza tena juu. Hao nawaonea huruma mpaka leo, kwa sababu walijiandaa kweli. Lakini mteja hasimulii shida yake kwa mpangilio wa vifungu. Anaanza na mguu unaomuuma, anakwenda kwa mkwewe, halafu ndiyo unasikia kuwa amefukuzwa kazi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Katikati ya miaka ya tisini alitujia fundi wa magari kutoka gereji za Wadi Kabir, mgeni nchini, mikono yake imeingia grisi isiyotoka kwa sabuni yoyote. Tajiri wake alikuwa kamfukuza, na mshahara wa miezi mingi hakumpa. Mkataba hawakuandikiana. Kesi alipewa wakili kijana wa ofisini kwetu, mtoto wa watu, mpole, anayekuamkia hata mkikutana mara ya nne siku hiyo hiyo. Siku ya kesi, wakili wa upande wa pili alikuwa mzee anayeheshimika, rika la babu yake. Mzee akasimama, akasema kwa sauti ya upole kuwa mtu asiye na mkataba wa maandishi hana haki ya kudai. Si kweli. Sheria inamruhusu mfanyakazi athibitishe haki yake kwa njia yoyote aliyo nayo, na kijana wetu akiijua. Lakini hakimu alipomgeukia amuulize ana la kusema, aliinamisha kichwa. Alinambia baadaye, "Bi Thuwaiba, ningelimwambia mzee yule muongo mbele za watu?"

Fundi alirudi kwao mikono mitupu. Alipita ofisini kutuaga, akatushukuru, jambo lililokuwa baya zaidi kuliko angelitutukana. Ustadh Hilal alikaa chumbani kwake mlango umefungwa mpaka magharibi. Tangu siku hiyo usaili wake ukabadilika.

Akaufanya hivi. Mwanzo anauliza mambo ya sheria kwa Kiarabu, kavu, kama mahakamani. Halafu anafunga faili, anavua miwani, anasema yamekwisha. Mimi naleta dele la kahawa na tende. Analichukua yeye mwenyewe, mtu mzima wa rika lile, anammiminia mgeni kwa mkono wake. Mnajua huku kwetu mdogo ndiye anayemmiminia mkubwa, kwa hivyo kijana anabaki hajui mikono aiweke wapi. Kisha, ikiwa mgeni ni wa watu wetu, Ustadh anaacha Kiarabu na kuhamia Kiswahili, kile cha nyumbani, anauliza mama hajambo, ukoo gani, bibi alikuwa akikaa mtaa gani Unguja. Kijana anaanza kupumua. Ndipo Ustadh anaposema, pole pole, kama mtu anayezungumza tu, neno lile la mzee wa mahakamani. "Asiye na mkataba wa maandishi hana kesi. Au vipi, mwanangu?"

Wakaitikia. Subhanallah, jinsi walivyoitikia. Vijana waliomaliza chuo kwa alama za juu, waliojibu swali hilo hilo sawasawa robo saa kabla kwa Kiarabu, wakisema, "Naam, Ustadh," na kikombe mkononi. Waliokataa walikuwa wachache. Mmoja alisomea Ulaya na hakuwa na habari kuwa kapewa heshima. Mwengine alikuwa mkorofi tu kwa maumbile, akibishana hata na muuza samaki. Wote wawili tukawachukua, na yule mkorofi ametusumbua miaka, lakini kesi akishinda.

Mimi fikra yangu ilikuwa kwamba mtego ule unawanasa waliolelewa vizuri. Nilimwambia Ustadh mara moja. Akanijibu, "Nnajua. Na wao ndio ninaowataka. Nnamngoja mmoja atakayejua kufanya yote mawili, adabu na haki."

Sasa Raya. Mama yake, Zuwena, ni shoga yangu tangu tulipofika Maskat. Baadaye tulijenga jirani Al Khoudh, ukuta mmoja, na mlango mdogo tuliuacha kwenye ukuta huo ili tusizunguke. Mumewe alifariki Raya akiwa mdogo. Zuwena akisomesha skuli za mchana, na mtoto akibaki kwangu. Ananiita Khalti, mama mdogo, ingawa hatuna damu moja. Mimi ndiye niliyemfunza adabu zote alizonazo. Nilimwambia mkubwa akisema, sikiliza. Mkubwa akikosea, nyamaza, Mungu kasikia. Sikuzaa, na mtu asiyezaa hulea kwa kanuni.

Akasoma sheria, akamaliza, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Lakini shahada peke yake haimfanyi mtu wakili. Lazima ofisi yenye leseni ikukubali uwe wakili mwanagenzi, ndiyo uandikishwe. Na ofisi za kuchukua msichana zilikuwa za kuhesabika. Alizunguka. Wengine walimwambia hatuna chumba cha wanawake, wengine hawakumwambia kitu. Ami yake, ndugu wa baba, akachoka kungoja, akamtafutia kazi ya kaunta benki na akampa mpaka mwisho wa mwezi. Imebaki ofisi yetu. Akikosa hapa, ndiyo basi, sheria yake itabaki ukutani ndani ya fremu.

Nilimwambia Ustadh Hilal kwamba msichana huyu ni kama mwanangu, ikiwa anataka nisikae chumbani nitatoka. Akasema, "Kaa. Wewe ndiye mwandishi."

Nikamtayarisha. Alasiri baada ya alasiri alikuja kwa mlango wetu mdogo na madaftari yake. Nilikaa upande mmoja wa meza ya kulia chakula, nikavaa miwani ya mume wangu, nikamuuliza sheria ya kazi, ya biashara, ya pango. Alikuwa anajua, mashaallah. Nilimrekebisha sauti tu. Nilimwambia, "Mahakimu wengi masikio yao mazito, usiwanong'oneze." Nikamwambia avae abaya nyeusi isiyo na mawe, saa mkononi, vyeti viwe nakala na asili mbali mbali. Apande teksi mpaka mwanzo wa njia, iliyobaki atembee, maana gari haifiki mlangoni. Nikamfunza kusema "mimi". Hilo lilituchukua muda. Kila nikimuuliza utafiti huu nani kafanya, anasema, "Tulifanya na wenzangu." Wenzake wapi? Kaufanya peke yake, nilimwona kwa macho yangu.

Habari ya kahawa sikumwambia.

Zuwena akaisikia harufu. Mjini hakuna siri isiyo na mkia, na watu walikuwa wakisema yule Ustadh ana jambo lake. Siku moja kabla ya usaili alinialika kwake, akanimiminia kahawa, akakaa karibu nami.

"Thuwaiba, shoga yangu. Huyo mtu anauliza nini?"

"Anauliza sheria."

"Sheria anazijua. Nambie kile kingine."

"Kile kingine nimewekewa amana."

"Na mimi je? Mtoto huyu kakulia mikononi mwako. Utamwacha aingie kipofu?"

"Zuwena, nnampenda mwanao. Nimemlea."

"Basi mlee mpaka mwisho," alisema. Akakusanya vikombe, na changu kilikuwa bado kina kahawa. Nilirudi kwangu kwa mlango mkubwa wa barabarani, nikazunguka ukuta wote. Iliniuma. Nilijiuliza amana ni kitu gani kama inamwumiza mtu pekee uliyemlea. Nilijua tu kwamba nikimwambia Raya, basi kila kijana aliyewahi kuitikia "Naam, Ustadh" chumbani mle nimemdhulumu.

Asubuhi yake Raya alikuja mapema, uso mkavu. Niliweka kiti mbali na kiyoyozi. Ustadh Hilal akaanza kwa Kiarabu, na kwa muda mrefu nilisahau kuandika, nikawa nasikiliza tu. Alimbana kwenye mikataba ya wakala, akapita. Alimbana kwenye muda wa kudai, akapita. Alimkata katikati kwa makusudi, na yeye akaendelea pale pale alipokatwa. Sauti ilisikika. Nilimwomba Mungu yaishie hapo.

Ustadh akafunga faili, akavua miwani. Nikaleta dele. Likagonga sinia, Ustadh akanitazama kidogo. Akammiminia. Raya aliinuka nusu, akapokea kwa mkono wa kulia, macho chini, vile vile nilivyomfunza. Ustadh akahamia Kiswahili.

"Mama hajambo?"

"Hajambo, alhamdulillahi, anakusalimu."

"Baba yako Mungu amrehemu. Nilimjua. Mtu wa watu." Akanywa. "Binti yangu, kazi hii ina majonzi. Hapa wanakuja mafundi, wapishi, madereva, wengine hawana hata karatasi. Mimi hao nnawarudisha. Asiye na mkataba wa maandishi hana kesi. Au vipi?"

Raya alikitazama kikombe. Niliona midomo yake ikifunguka. Kisha akatikisa kikombe, alama ya kuwa ametosheka, akakirudisha.

"Naam, Ustadh," akasema.

Sikuliandika neno hilo. Kalamu ilikataa.

Raya alipotoka kwenda kungoja barazani, Ustadh alivaa miwani yake. "Anajua kuliko wanaume wote niliowasaili mwaka huu," alisema. "Lakini kaitikia." Kisha, kwa kunionea huruma, akasema, "Mpe tarjama, awe mfasiri. Lugha zote mbili anazo. Atakaa na wewe, atakuwa na amani."

Nitasema kweli: nilifurahi. Nusu shari kuliko shari kamili. Mtoto atakuwa ofisini, si kaunta ya benki, nitamwona kila siku, Zuwena atanifungulia tena mlango wetu mdogo. Nilitoka nikatabasamu, nikakaa naye kwenye benchi, nikamwambia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Khalti, niwie radhi. Sitaki."

"Raya, hebu fikiri. Ukikataa hili, iliyobaki ni benki."

"Basi benki. Nikiingia kwa mlango wa tarjama, sitatoka kwa mlango mwengine."

"Mwanangu, mimi nimekaa humu miaka. Mtu huanza na kidogo, akaonekana, akapewa zaidi. Ndivyo kazi zilivyo."

"Hapo umekosea, Khalti."

Alisema kwa sauti ndogo, macho kayainamisha, mikono kaifunga mapajani. Toka anajifunza kutembea hajawahi kunambia neno hilo. Uso ulinipata moto. Nilitaka kumwambia wewe mtoto, unajua unazungumza na nani? Nilikasirika hasa. Yeye aliendelea pale pale, kama alivyoendelea alipokatwa ndani.

"Nilimjibu uongo mule ndani. Nnaomba unirudishe, niuondoe. Kisha nitakwenda zangu."

"Umeshasailiwa."

"Nnajua. Muulize tu."

Nikagonga. Nikamwambia Ustadh kuwa msichana anaomba neno moja. Alikuwa ameshafungua faili jengine, akaashiria kwa mkono, aingie. Kwa mazoea ya ungwana akanyoosha mkono kwenye dele ammiminie tena.

Raya aliwahi. "Usijitaabishe, Ustadh. Mimi ndiye mdogo." Akalichukua dele kwa mkono wa kushoto, kikombe kwa wa kulia, akamimina kidogo kama inavyotakiwa, akampa. Hakukaa. Alibaki amesimama na dele mkononi, kama msichana yeyote wa nyumbani kwao anayewahudumia wageni.

"Uliponimiminia wewe niliona aibu kukukatalia," akasema. "Sasa nimekumiminia mimi, niruhusu. Ulilosema si sawa. Fundi asiye na karatasi ana kesi. Ataithibitisha kwa mashahidi, kwa risiti, kwa wenzake aliolala nao chumba kimoja. Tajiri ndiye aliyetakiwa kuandika mkataba, hakuandika. Haiwezi kuwa kosa lake ndiyo ngao yake. Ukiwarudisha hao, Ustadh, unawadhulumu."

Ustadh Hilal hakunywa. "Endelea."

"Na la pili. Umenipa tarjama, nnakushukuru. Hapo pia umekosea. Mimi sikuja kufasiri maneno ya mawakili wengine."

Nilimjua yule mtu, nikaona mshipa wa shingo umesimama. Hakuwa amezoea kuambiwa kakosea mara mbili.

"Na hakimu akikwambia nyamaza?"

"Nitanyamaza. Kisha nitaomba ruhusa ya kusema."

"Akikunyima?"

"Nitaomba tena."

"Na wakili wa upande wa pili akiwa mzee, rika la babu yako, mtu wa heshima?" Sauti yake ilikuwa imeshuka, na nilijua anamwona nani. Raya hakujua. Hakuna aliyemwambia habari za fundi yule.

Akafikiri kidogo. "Nitamwamkia," akasema. "Kisha nitamkatalia."

Ustadh Hilal aliinamisha kichwa. Akainua kikombe, akakinywa chote, taratibu. Mimi machozi yalikuwa yananitoka na sikujali nani ananiona.

"Jumamosi," akamwambia, "uje na picha za pasipoti na asili za vyeti, tukakuandikishe. Wakili mwanagenzi. Uje mapema."

Kisha akanigeukia mimi pale pembeni, na jicho lake halikuwa na mzaha. "Thuwaiba. Umemwambia?"

"Wallahi sikumwambia," nikasema. "Nilichomfunza mimi tangu mdogo ni kunyamaza mbele ya wakubwa."

"Basi hukumfunza vizuri," akasema, akanyoosha kikombe kwa Raya aongezwe.